Maisha ya Imamu Shafii na Malezi Yake kwa Wanafunzi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Imamu Muhammad bin Idris Ash-Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndiye imamu ambaye madhehebu yake yafuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii tangu zamani. Wengi wamjua kwa mas'ala ya udhu na sala na nikaha. Wachache wamjua kwa jinsi alivyowalea vijana. Na lau si malezi yale, ilimu yake ingalizikwa pamoja naye.

Alizaliwa Gaza, katika nchi ya Sham, mwaka 150 wa Hijra (767), nao ndio mwaka aliokufa Imamu Abu Hanifa. Baba yake alifariki yeye angali mchanga, na mama yake akamchukua Makka, akichelea nasaba yake ya Kikureshi isije ikapotea ugenini. Wakakaa katika ufukara. Alipotiwa chuoni, mama hakuwa na cha kumpa mwalimu. Lakini mwalimu yule akaona ya kuwa mtoto huyu hushika kila wasomeshwalo wenziwe, na yeye mwalimu aondokapo, mtoto huketi mahali pake akawasomesha. Akaridhika na hayo yakawa badala ya ujira. Mwalimu huyu hakuyatazama mavazi ya mtoto wala mfuko wa mamaye, bali alikitazama kile Mwenyezi Mungu alichomtunukia.

Kwa miaka saba alikuwa amekwisha hifadhi Kurani. Karatasi hakuwa na uwezo wa kuzinunua, basi akiandika juu ya mifupa, na mifupa akiiweka katika mtungi. Akakaa na kabila la Hudhail jangwani, akajifunza kwao lugha fasihi na mashairi ya Kiarabu. Mufti wa Makka, Muslim bin Khalid Az-Zanji, akamwona angali kijana akampa ruhusa ya kutoa fatwa. Kisha akenda Madina kwa Imamu Malik bin Anas, naye amekwisha hifadhi kitabu chake cha Muwatta. Imepokewa ya kuwa Malik alipomtazama alitambua nuru iliyo moyoni mwake, akamwusia asiizime kwa maasi. Malik alifariki mwaka 179 (795).

Baada ya hayo alipata kazi ya serikali katika Yaman. Watu wakamhusudu, wakamsingizia fitina, na mwaka 184 (800) akachukuliwa mpaka mji wa Raqqa mbele ya Khalifa Harun Ar-Rashid. Ilikuwa hatari ya kuuawa. Aliyemsemea kheri mbele ya Khalifa ni Muhammad bin Al-Hasan Ash-Shaibani, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Shafii akaokoka, akaketi kwa Muhammad bin Al-Hasan akasoma vitabu vyake, ingawa katika mas'ala mengi walihitalifiana na kujadiliana. Hivi alikuwa amekwisha onja mkono wa waalimu wanne: wa kwanza alimpokea bila ya ujira, wa pili alimwamini angali kijana, wa tatu alimwusia juu ya moyo wake, na wa nne alimwokoa naye si wa madhehebu yake. Yote hayo aliyarudisha kwa wanafunzi wake.

Yapokewa ya kuwa siku moja aliletwa kwa mtu aliyekuwa akiwalea watoto wa Khalifa, akaombwa amwusie. Hakumpa maneno ya fimbo wala ya vitabu kwanza. Alimwusia aanze kuitengeneza nafsi yake kabla ya watoto, kwani macho yao yamtazama yeye; alitendalo wataliona zuri, na aliachalo wataliona baya. Kisha akamkataza kuwalemeza kwa masomo hata wakachoka, na akamkataza kuwaachilia hata wakasahau. Wala asiwatoe katika fani moja kwenda nyingine kabla ya kuitengeneza ile ya kwanza.

Mwaka 195 (811) aliingia Baghdad akawekewa darasa. Miongoni mwa waliosoma kwake ni Ahmad bin Hanbal, ambaye kwa ilimu ya hadithi alikuwa bahari. Shafii hakuona haya kumwambia mwanafunzi wake huyu kwamba yeye ni mjuzi zaidi wa hadithi, na akipata iliyo sahihi amjulishe ili aifuate. Heshima ya Shafii haikupungua kwa hilo. Ahmad hakuacha kumwombea dua mpaka mwisho wa maisha yake.

Kisha akahamia Misri, akasomesha katika msikiti wa Amr bin Al-As mjini Fustat. Baada ya sala ya alfajiri waliketi watu wa Kurani. Jua lilipochomoza wakaja watu wa hadithi. Kisha watu wa mjadala. Kisha watu wa lugha na mashairi mpaka karibu na adhuhuri. Kila kundi lilipewa wakati wake na kiasi chake.

Katika wanafunzi wa Misri alikuwako Ar-Rabi bin Sulaiman Al-Muradi, muadhini wa msikiti ule. Fahamu yake ilikuwa nzito. Imepokewa ya kuwa Shafii alimkariria mas'ala moja mara 40 naye asifahamu, hata Ar-Rabi akaondoka katika majlisi kwa haya. Shafii hakumcheka wala hakumwambia kwamba ilimu si fungu lake. Alimwita faraghani, akamkariria tena mpaka akafahamu. Tena alipooa kwa mahari ya dinari 30 akiwa ametoa 6 tu, Shafii alimpelekea mfuko wa dinari 24.

Na upendo wake haukumpotoa katika haki. Alipokuwa mgonjwa, watu walishindana juu ya nani ataketi mahali pake. Muhammad bin Abdillah bin Abdil-Hakam alikuwa kipenzi chake, na jamaa zake ndio waliomkirimu alipofika Misri. Lakini Shafii akahukumu ya kuwa mwenye haki zaidi ni Yusuf bin Yahya Al-Buwaiti. Muhammad akakasirika akarejea madhehebu ya Malik. Al-Buwaiti akaishika amana, na katika siku za mtihani wa kauli ya kuumbwa Kurani akakataa kuikiri, akafa kifungoni Baghdad mwaka 231 (846).

Shafii alifariki Misri mwezi wa Rajab mwaka 204 (820), umri wake miaka 54 tu. Na nani aliyevichukua vitabu vyake? Ni yule yule Ar-Rabi mwenye fahamu nzito. Aliishi mpaka mwaka 270 (884), na wanafunzi wakamwendea kutoka nchi za mbali kusikia kwake Risala na Al-Umm. Mwalimu akiwatupa wazito hajui amemtupa nani.

Na mwepesi naye huvunjika kwa neno. Al-Muzani, mwanafunzi mkubwa wa Shafii, alikuwa na mpwawe akisoma kwake, jina lake Abu Jaafar At-Tahawi. Yasemwa ya kuwa siku moja alimkasirikia akaapa kwamba hatatokea kitu chochote kwake. Kijana akaondoka, akaingia madhehebu ya Abu Hanifa, akawa imamu mkubwa ndani yake. Al-Muzani alikuwa bingwa wa ilimu. Neno moja la ghadhabu lilimkosesha mrithi.

Basi kila aliyekabidhiwa watoto wa watu, chuoni au msikitini au katika kazi ya mikono, na ajipime kwa mizani hii: nafsi yake kwanza, kisha subira kwa mzito, kisha ulimi kwa mwepesi, kisha haki kwa wote. Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Shafii na waalimu wake na wanafunzi wake, na awawafikishe walezi wa Kiislamu kufuata mwendo wao. Amin.