John Cobb: bingwa wa kasi na mawimbi yaliyomkuta Ziwa Ness

Tarehe 29 Septemba 1952, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, Mwingereza John Cobb alifariki dunia katika Ziwa Ness, kaskazini mwa Uskoti. Wakati huo hakuna binadamu mwingine aliyekuwa na rekodi ya kasi kubwa kuliko yake juu ya nchi kavu. Alikuwa akitafuta rekodi ya pili, ya majini, ndani ya boti yenye injini ya ndege.

Kifo chake kilitokea mbali sana na Kagera. Lakini anayeishi karibu na Ziwa Viktoria, au anayevuka Mto Kagera kwa mtumbwi, ana la kujifunza hapo. Mawimbi yaliyotajwa sana katika ajali ya Cobb hayakuletwa na dhoruba. Yalikuwa mawimbi ya boti.

Mfanyabiashara wa ngozi

John Rhodes Cobb alizaliwa tarehe 2 Desemba 1899 huko Esher, kusini mwa London. Familia yake ilikuwa na uwezo. Alisoma Eton, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge. Kazi iliyomlisha ilikuwa udalali wa ngozi za manyoya, biashara iliyokuwa na faida kubwa jijini London enzi hizo.

Karibu na nyumbani kwao kulikuwa na uwanja wa mbio za magari wa Brooklands. Huko ndiko alikopata mapenzi ya kasi. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpole, asiyependa maneno mengi wala kujionyesha. Watu waliomfahamu walishangaa kwamba mtu mtulivu namna hiyo ndiye aliyeendesha mashine za hatari kiasi kile. Mwaka 1935 aliweka rekodi ya uwanja wa Brooklands, kilomita 230 kwa saa, ambayo haikuvunjwa tena mpaka uwanja ulipofungwa.

Baadaye alihamia kwenye rekodi za dunia. Akishirikiana na mhandisi Reid Railton, alipeleka gari lake kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, Marekani. Mwaka 1938 alifikisha kilomita 563 kwa saa. Mwaka 1939 alifikisha 595. Kisha vita vikaingia, naye akawa rubani wa kikosi cha kusafirisha ndege za kivita kutoka viwandani kwenda vituoni.

Vita vilipokwisha alirudi Bonneville. Tarehe 16 Septemba 1947 aliweka rekodi ya kilomita 634 kwa saa. Rekodi hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka 15.

Boti yenye injini ya ndege

Akiwa na umri wa miaka 52, Cobb aligeukia maji. Rekodi ya majini ilikuwa mikononi mwa Wamarekani. Mwezi Julai 1952, boti iitwayo Slo-mo-shun IV ilikuwa imefikisha kilomita 287 kwa saa katika ziwa moja karibu na Seattle.

Boti ya Cobb iliitwa Crusader. Ilikuwa na uzito wa tani tatu hivi, na injini yake ilikuwa ya aina ile ile inayorusha ndege za jeti. Boti ya namna hii haikati maji kama mtumbwi. Ikishapata kasi huinuka na kuteleza juu, ikigusa maji katika sehemu tatu ndogo tu: moja mbele na mbili nyuma.

Hapo ndipo penye hatari. Kwa mwendo huo maji huwa magumu kama barabara ya mawe. Wimbi ambalo mvuvi halitilii maanani kabisa, kwa boti kama Crusader ni sawa na tuta lililowekwa ghafla mbele ya gari linalokimbia.

Kwa sababu hiyo Cobb alihitaji maji yaliyotulia tuli. Alichagua Ziwa Ness, ziwa refu na jembamba, kama lilivyo Ziwa Burigi kwa umbo. Lina urefu wa kilomita 37 hivi, na upana wake ni kama kilomita moja na nusu tu. Lina kina cha zaidi ya mita 220, wakati Ziwa Viktoria halizidi sana mita 80. Kingo zake zimesimama mithili ya kuta.

Wenyeji walimpokea vizuri. Cobb naye aliheshimu desturi zao: Jumapili, siku ambayo watu wa pale waliitenga kwa ibada, hakuendesha boti.

Siku ya mwisho

Tarehe 29 Septemba ilikuwa Jumatatu. Ili rekodi ikubaliwe, boti ilipaswa kupita mara mbili kwenye njia iliyopimwa ya maili moja, kwenda na kurudi, ndipo wastani wa mwendo uchukuliwe. Kulikuwa na wapima muda, boti za wasaidizi na watazamaji waliosimama ukingoni. Kila kitu kilisubiri maji yatulie.

Asubuhi upepo ulichafua ziwa, ikabidi kungoja. Baadaye maji yalionekana kutulia, na Cobb akaondoka. Crusader ilipita njia ya maili moja kwa wastani wa kilomita 333 kwa saa. Hakuna boti iliyokuwa imewahi kufika mwendo huo. Lakini karibu na mwisho wa njia ilikutana na mawimbi. Ilidunda mara kadhaa, pua yake ikazama, na ikavunjika vipande vipande mbele ya macho ya watu. Cobb alitolewa majini akiwa amekwisha kufa. Kwa kuwa hakupita mara ya pili, kasi ile haikuandikwa kuwa rekodi.

Baadhi ya magazeti yalimsingizia mnyama wa hadithi anayesemwa kuishi katika ziwa hilo. Maelezo yaliyokubalika na wengi ni mengine: mawimbi yalitokana na Maureen, mojawapo ya boti za kikosi chake mwenyewe, ambayo muda mfupi kabla ilikuwa imetembea ziwani. Waliochunguza ajali baadaye wametaja pia udhaifu wa sehemu ya mbele ya Crusader, kwamba ilishindwa kuhimili mapigo. Mambo hayo mawili hayapingani. Boti yenye udhaifu huvunjika inapopata kishindo, na kishindo kililetwa na wimbi.

Kwa nini wimbi la boti hukaa muda mrefu

Boti ikipita, wimbi lake haliondoki pamoja nayo. Husafiri pembeni hadi ukingoni. Ukingo ukiwa mchanga wa taratibu, wimbi hufia hapo. Ukiwa mwamba uliosimama, hugonga na kurudi katikati, likakutana na mengine. Ndiyo maana katika ziwa jembamba lenye kingo za mwamba, maji huendelea kucheza hata boti yenyewe ikiwa haionekani tena.

Jambo lingine linawashangaza wengi. Boti nzito inayokwenda mwendo wa wastani huweza kuacha wimbi kubwa kuliko boti nyepesi inayokimbia sana. Ile nzito hulima maji, ile nyepesi huteleza juu yake. Katika mashindano, basi, si boti za mbio peke yake zinazopaswa kuchungwa. Boti ya msaada, ya mwandishi wa habari au ya mtazamaji anayetaka kusogea aone vizuri inaweza kuwa hatari zaidi.

Miaka 14 hivi baada ya Cobb, fundisho hilo lilirudi. Mwingereza mwingine, Donald Campbell, aliyekuwa ameweka rekodi saba za majini, alikwenda Ziwa Coniston tarehe 4 Januari 1967 akiwa na boti yake Bluebird. Alipomaliza mkondo wa kwanza aligeuza na kurudi upesi, bila kungoja mawimbi yake mwenyewe yatulie. Boti iliinuka hewani ikiwa katika mwendo mkubwa sana, ikapinduka. Sababu nyingine pia zimetajwa, ikiwemo injini kupungukiwa nguvu. Mwili wake ulipatikana mwaka 2001.

Mashindano yanavyolindwa

Leo mbio za boti ziendazo kasi huendeshwa kwa utaratibu mkali. Njia ya mbio huwekewa maboya, na boti nyingine haziruhusiwi kuikata. Watazamaji waliomo majini hutengewa eneo lao, upande mmoja, nao hutia nanga. Boti za doria hulinda mipaka. Wazamiaji na waganga hukaa tayari kabla ya mbio kuanza. Mbio zikiisha, hakuna anayeng'oa nanga mpaka ishara itolewe, na wote huondoka polepole.

Kanda yetu haina mbio za boti za jeti, lakini ina mashindano ya makasia. Yale ya Balimi yaliwahi kukusanya umati Bukoba, Mwanza na sehemu nyingine za Ziwa Viktoria. Mtumbwi wa makasia uko chini sana majini. Boti ya injini ikipita karibu nao kwa kasi, wimbi lake linaweza kuujaza maji.

Umati nao una hatari yake. Watu waliomo kwenye chombo wakikimbilia upande mmoja ili waone, chombo hulala upande huo. MV Nyerere ilipopinduka karibu na gati la Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na kuua zaidi ya watu 220, ilikuwa imezidisha abiria, na taarifa za wakati huo zilieleza kwamba watu walisogea upande mmoja wakijiandaa kushuka. Na watu wa Kagera hawahitaji kukumbushwa MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996.

Kwa hiyo msikilizaji wa Rugu atakayeshuka ziwani siku ya mashindano, au siku ya safari ya kawaida, azingatie haya. Avae jaketi okozi tangu mwanzo, asisubiri chombo kiyumbe. Akae mahali pake hata kama washindi wanapita upande wa pili. Kama ni nahodha, apunguze mwendo anapopita karibu na mitumbwi na mialo. Kama ni mwandaaji wa mashindano, amweke mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema boti ipi iondoke na lini, na neno lake lifuatwe na wote, wakiwemo wasaidizi wake mwenyewe.

Cobb alizikwa kwao Esher. Wakazi wa Glenurquhart, bonde lililo jirani na Ziwa Ness, walimjengea mnara wa mawe ukingoni, kwa heshima ya mgeni aliyeishi nao kwa adabu. Mabaki ya Crusader yaligunduliwa mwaka 2002. Yamo chini ya ziwa hilo, na sheria inayalinda yasiguswe.