Farrokh wa Unguja na usiku wake wa Munich

Mgeni akifika huku kwetu Momela, simulizi ya kwanza anayopewa ni ya filamu ya Hatari!, ile ya John Wayne iliyopigwa hapa kabla ya uhuru na kutoka mwaka 1962. Ataambiwa pia kwamba mwigizaji mwenzake, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda mpaka akanunua shamba na kujenga hoteli. Mgeni huyohuyo akishamaliza mlima na maziwa anapanda ndege kwenda Unguja, na huko swali lake ni moja: alizaliwa wapi Freddie Mercury? Sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa kuanza na kile ambacho mwanafunzi anakijua tayari. Basi tuanze na jina ambalo dunia inalijua, halafu turudi nyumbani.

Jina la kuzaliwa lilikuwa Farrokh Bulsara. Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa mahakama kuu chini ya serikali ya Kiingereza. Mama yake alikuwa Jer. Walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Uajemi waliopitia Gujarat, India, na ukoo wao ulichukua jina la mji wa Bulsar wa hukohuko. Mdogo wake wa kike, Kashmira, alizaliwa mwaka 1952.

Akiwa na miaka kama minane alipelekwa bweni India, shule ya St. Peter's, Panchgani. Kwa meli, mbali na mama. Aliyewahi kusoma bweni tangu darasa la pili anaelewa. Huko ndiko alikojifunza piano, akaanza kuitwa Freddie, na akapiga katika bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963 akiwa kijana wa miaka kumi na sita. Hakukaa sana. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea, familia ilifungasha ikaenda Uingereza, ikakaa Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa London.

Maisha ya mwanzo ugenini hayakuwa ya raha. Alifanya vibarua, akasoma sanaa ya kuchora na kubuni chuo cha Ealing, akamaliza 1969, akauza nguo za mitumba pale Kensington Market pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor. Mwaka 1970 yeye, Taylor na mpiga gitaa Brian May wakaunda Queen. John Deacon akaingia 1971 na besi lake. Freddie ndiye aliyechagua jina la bendi, akachora nembo yake, na akajipa jina la Mercury. Mwaka 1975 wakatoa Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita ambao redio zilidhani ni mrefu mno. Ulikaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa.

Hapo ndipo waandishi wengi wa kwetu huishia, au huruka moja kwa moja mpaka kifo. Katikati kuna maisha.

Kwa miaka kama sita Freddie aliishi na mwanamke, Mary Austin, na walikuwa kama wachumba. Mwaka 1976 hivi alimweleza ukweli kuhusu wanaume, uchumba ukaisha, lakini urafiki haukuisha. Alipokufa alimwachia nyumba na sehemu kubwa ya mali. Tukumbuke mazingira ya wakati ule. England ilikuwa imeacha kuwafunga wanaume wapendanao mwaka 1967 tu, tena kwa masharti: wawe na umri wa miaka 21 na wawe faragha. Magazeti ya udaku ya London yaliishi kwa kuwinda watu maarufu. Wanaume kama yeye walikutana usiku, kwenye baa na disko walizozijua wenyewe. Mwishoni mwa 1979 ilifunguliwa Heaven, chini ya matao ya stesheni ya Charing Cross, disko kubwa ambalo halikujificha tena, na Freddie alikuwa mteja wake.

Lakini mji uliomteka hasa ni Munich, kusini mwa Ujerumani. Queen walikwenda huko 1979 kurekodi studio ya Musicland, iliyokuwa chini ya jengo la hoteli ya Arabella. Huko aliandika Crazy Little Thing Called Love kwa muda mfupi sana, ikawa namba moja Marekani. Baadaye, kati ya 1983 na 1985, alihamia kabisa. Mtaa wake wa usiku ulikuwa Glockenbach, karibu na mto Isar. Baa zilikuwa ndogo na zimekaribiana, unatoka moja unaingia nyingine kwa miguu. Kulikuwa na Deutsche Eiche, nyumba ya wageni na mgahawa wa zamani ambako mtengeneza filamu Rainer Werner Fassbinder alikuwa mtu wa kila siku mpaka alipofariki 1982. Kulikuwa na Ochsengarten, baa ya wanaume waliovaa ngozi. Na kulikuwa na Old Mrs. Henderson, ukumbi wa maonyesho ya wanaume waliovaa kike.

Kilichomvutia pale si pombe tu, ingawa alikunywa, na kokeni pia ilikuwepo. Ni kwamba angeweza kukaa kaunta kama mtu yeyote. Wenyeji walimzoea, na hakuna aliyekimbilia simu kumwita mpiga picha. Mtu aliyekuwa mgeni Panchgani, mkimbizi Feltham, na hata kwao Unguja mmoja wa kikundi kidogo, kwa mara ya kwanza alikuwa mtu wa baa ya mtaani. Rafiki yake mkubwa huko alikuwa mwigizaji wa kike Barbara Valentin. Tarehe 5 Septemba 1985 alisherehekea miaka 39 pale Old Mrs. Henderson, wageni walitakiwa kuvaa nyeusi na nyeupe, wanaume wengi wakaja na magauni. Picha za usiku ule zikawa video ya wimbo wake Living on My Own, wimbo wa upweke uliopigiwa picha katikati ya umati.

Tusimfanye malaika. Oktoba 1984 Queen walipiga Sun City, Afrika Kusini ya makaburu, wakati wasanii wa dunia walikuwa wanaigomea. Umoja wa Mataifa uliwaweka kwenye orodha ya waliovunja mgomo. Kwa mzaliwa wa Unguja, wakati Tanzania ilikuwa inawahifadhi wapigania uhuru, hilo ni doa, na kipaji hakilifuti. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Julai, katika tamasha la Live Aid la kuichangia Ethiopia, alisimama Wembley kwa dakika 21 hivi na kuwaimbisha watu 72,000. Yote mawili ni yake.

Wakati huohuo ugonjwa ulikuwa umeingia. Hapa kwetu wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waligundulika Kagera mwaka 1983. Munich na London ulipiga zile baa hasa. Mwaka 1987 serikali ya jimbo la Bavaria ilitoa hatua kali za kupima baadhi ya watu kwa lazima, wakiwemo waombaji wa kazi za serikali, na hofu ikatanda mitaa ileile iliyokuwa na kicheko. Freddie alikuwa ameshahama. Alirudi London, akatulia na kinyozi kutoka Ireland, Jim Hutton, pamoja na paka na bustani. Onyesho lake la mwisho na Queen lilikuwa Knebworth, Agosti 1986. Mwaka 1987 akathibitishwa kuwa na virusi.

Alifanya kazi mpaka mwisho: albamu ya Barcelona na Montserrat Caballé, kisha albamu mbili za Queen, huku magazeti yakihesabu kilo alizopungua. Alitangaza ugonjwa wake tarehe 23 Novemba 1991, akafariki kesho yake, miaka 45. Mazishi yaliendeshwa kwa dini ya wazazi wake. Dawa mseto zilizogeuza UKIMWI kuwa ugonjwa wa kuishi nao zilikuja mwaka 1996, miaka mitano tu baadaye. Sisi tulianza kuzigawa bure 2004.

Na nyumbani? Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi Zanzibar lilipitisha sheria kali zaidi dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Mwaka 2006 mgahawa wenye jina lake pale ufukweni ulipanga sherehe ya miaka 60 tangu azaliwe. Kikundi cha UAMSHO kikapinga, ikafutwa. Mwaka 2019 ikafunguliwa makumbusho yake Shangani, na watalii wanalipa kiingilio. Kwa hiyo tunakubali pesa ya jina lake, ila maisha yake tunayapunguza.

Kuna wasomaji watakaosema mambo haya hayafai jarida la wanachuo. Nawaelewa, wengi wetu tumelelewa msikitini na kanisani, na sikuandika ili mtu abadili imani yake. Ila miaka michache ijayo tutasimama darasani. Siku moja mwanafunzi atainua mkono na kuuliza Mzanzibari maarufu kuliko wote duniani ni nani, aliishi vipi na alikufa kwa nini. Tukimjibu nusu, hiyo nusu nyingine ataisikia kijiweni, imechanganywa na matusi na uongo kuhusu ugonjwa. Mwalimu anaweza kusema alichokuwa mtu, pamoja na Sun City yake na baa zake, bila kumtukana na bila kumpamba. Na yule mwanafunzi wa nyuma kabisa, ambaye mjomba wake alikufa na nyumbani hawataji kwa ugonjwa gani, atakuwa anasikiliza pia.