Alexis Carrel: Mfaransa aliyeshona mishipa ya damu

Usiku wa Juni 24, 1894, Rais Sadi Carnot wa Ufaransa alichomwa kisu mjini Lyon. Kisu kilikata mshipa mkubwa wa damu karibu na ini, na madaktari hawakuwa na la kufanya. Akafa baada ya saa chache. Alexis Carrel, kijana wa miaka 20 aliyekuwa akisomea udaktari mjini humo, aliamini kwamba mshipa ungeweza kushonwa kama nguo.

Basi akaenda kujifunza kudarizi kwa mwanamke fundi wa Lyon. Mwaka 1902 alitangaza njia yake: nyuzi tatu zinavuta mdomo wa mshipa uwe pembetatu, sindano isije ikashika ukuta wa pili. Alitumia hariri nyembamba iliyopakwa vaselini ili damu isigande.

Nyumbani hakupata nafasi aliyoitaka. Mwaka 1904 alihamia Kanada, kisha Chicago, na mwaka 1906 akaingia Taasisi ya Rockefeller, New York. Nobel ya tiba ya 1912 aliipata akiwa ugenini. Mimi niliyesomea ukimbizini Kigoma nalielewa jambo hilo kuliko wengi.

Usafi kwake ulikuwa sheria, maana mshipa ukiingia vijidudu, mshono huachia na mgonjwa hutokwa damu hadi kufa. Katika vita iliyoanza 1914 alihudumia askari huko Compiègne. Vidonda vilijaa usaha, miguu ikikatwa kila siku. Pamoja na mkemia Henry Dakin alikata nyama iliyooza, kisha akapitisha kwenye kidonda, kwa mipira midogo, maji ya klorini ya asilimia 0.5 kila baada ya saa mbili. Wengi walibaki na miguu yao.

Leo kuna mishipa bandia ya kitambaa, ambayo ilianza kuenea miaka ya 1950. Ikishikwa na vijidudu, mara nyingi dawa peke yake haitoshi, kwa kuwa vijidudu hung'ang'ania kitambaa na kujifunika utelezi. Daktari wa upasuaji hukitoa, husafisha nyama iliyokufa, na damu huitafutia njia nyingine penye usafi, au huweka mshipa uliotolewa mguuni mwa mgonjwa mwenyewe. Nao huo hushonwa kwa ufundi uliotokana na ule wa Carrel.

Lakini, ndugu msomaji, mtu huyu ana upande wa pili. Katika kitabu chake cha 1935 alipendekeza wahalifu wakubwa wauawe kwa gesi. Mwaka 1941 alikubali kuongoza taasisi ya serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Hitler. Alifariki Paris Novemba 5, 1944, miezi michache baada ya mji huo kukombolewa.

Mwaka 1996 kitivo cha udaktari cha Lyon kilichoitwa kwa jina lake kilibadilishwa jina. Mimi naona walifanya sawa.