Aliyeifunza Tarakilishi Kusoma Maneno

Majuzi nilikesha mbele ya seva ya Linux, mimi limbukeni, nikijaribu kuunda programu kutokana na msimbo wake asilia. Mara tatu shughuli ilikatika kwa sababu kipande fulani hakikupatikana. Mara ya nne maandishi yale yakageuka chombo kifanyacho kazi. Naam, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Nikamkumbuka Grace Hopper.

Bibi huyu alizaliwa jijini New York tarehe 9 Desemba 1906. Utotoni alizifungua saa saba za nyumbani kwao, moja baada ya nyingine, apate kujua siri yake. Mwaka 1934 alitunukiwa shahada ya uzamifu ya hisabati katika chuo kikuu cha Yale. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, jeshi la wanamaji lilimkataa kwa umri wake na uchache wa uzani wake. Hakufa moyo. Mwishoni mwa 1943 alikubaliwa, na mwaka uliofuata akapelekwa Harvard kuihudumia Mark I, mojawapo ya tarakilishi za awali nchini Marekani.

Enzi hizo amri ziliandikwa kwa nambari tupu, na vipande vilevile vilinakiliwa kwa mkono, makosa yakizaa makosa. Hopper aliona kwamba mashine yenyewe ingeweza kubeba mzigo huo. Mwaka 1952 alikamilisha A-0, ambayo ilikusanya vipande vilivyohifadhiwa katika utepe na kuviunga kuwa programu moja. Huyo ndiye mzazi wa kompaila iliyonikesha mimi.

Kisha akapendekeza amri ziandikwe kwa maneno ya Kiingereza. Ili kuthibitisha hoja yake, aliandika programu ileile kwa maneno ya Kifaransa na ya Kijerumani pia. Wakubwa wake walitaharuki: vipi mashine ya Marekani ijue Kifaransa? Ikambidi awahakikishie kwamba ingetumia Kiingereza pekee. Ndivyo ilivyozaliwa FLOW-MATIC, iliyokuwa msingi mkubwa wa COBOL, lugha iliyoanza kubuniwa mwaka 1959.

Mimi mwanaisimu kisa hiki chanigusa pabaya. Twawafunza wanafunzi kwamba neno ni ishara tu, halina uhusiano wa kimaumbile na maana yake. Hopper alilidhihirisha hilo kwa mtambo, wakubwa wakafumba macho. Hata leo wapo wasomi wetu washikiliao kwamba Kiswahili hakiwezi kuamrisha tarakilishi. Tarakilishi haijui Kiingereza, yajua nambari. Kiingereza kilitangulia kwa sababu kilikuwa lugha ya wenye kiwanda, wala si kwa ubora wa asili. Upungufu basi si wa lugha yetu, bali wa nia yetu.

Hopper alistaafu mwaka 1986 akiwa admirali mwenye umri wa miaka 79, akafariki tarehe 1 Januari 1992. Mlango aliufungua yeye. Sisi tungali tumesimama kizingitini, tukingoja kukaribishwa kwa Kiingereza.