Imamu Ali bin Al-Madini: Mwana Aliyempima Baba Yake

Imamu Ali bin Abdillahi bin Jaafar, mashuhuri kwa jina la Ibn Al-Madini, alizaliwa Basra, nchi ya Iraq, mwaka 161 A.H. (778). Asili ya wazee wake ni Madina, ndipo akaitwa hivyo. Alisoma kwa Hammad bin Zaid, Sufyan bin Uyaina na Yahya bin Said Al-Qattan, akawa bingwa wa kuzijua ila zilizofichika katika Hadithi. Mwanafunzi wake Imamu Bukhari alikiri kuwa hakupata kujiona mdogo mbele ya mtu ye yote ila mbele yake.

Kazi ya elimu hiyo ni kumpima kila mpokezi: je, ni mwadilifu? Hifadhi yake ni madhubuti? Alikutana kweli na yule anayepokea kwake? Mcha Mungu aliye msahaulifu huitwa dhaifu, kwani ucha Mungu peke yake hautoshi kuyahifadhi maneno ya Mtume (S.A.W.).

Baba yake Ali naye alikuwa mpokezi. Watu walipomwuliza habari zake, aliwaambia wakaulize wengine. Walipomshikilia, aliinamisha kichwa, kisha akakiinua, akasema kuwa jambo hili ni dini, na kuwa baba yake ni dhaifu.

Baadaye mizani ile ile ilimgeukia mwenyewe. Mwaka 218 A.H. (833) Khalifa Al-Maamun alianza kuwatahini wanavyuoni ili wakubali kuwa Kurani imeumbwa. Imamu Ahmad bin Hanbal alikataa, akafungwa, na baadaye akapigwa mijeledi. Mtihani ulipomfikia Ali, aliogopa adhabu, akakubali. Kwa hayo alilaumiwa sana, na Al-Uqaili akamtia katika kitabu chake cha wapokezi dhaifu.

Hata hivyo, Bukhari alipokea kwake Hadithi nyingi katika Sahihi yake. Na katika karne ya 8 ya Hijra, Al-Dhahabi alimkemea Al-Uqaili, akieleza kuwa lau Hadithi za mtu kama Ali zingeachwa, mlango wa elimu hii ungefungwa.

Ali alifariki Samarra mwaka 234 A.H. (849). Hofu ilimteleza siku ya mtihani, lakini katika kupokea maneno ya Mtume hakumpendelea hata aliyemzaa. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie kulihakikisha neno kabla ya kulipeleka kwa wengine. Amin.