Handel na Wafungwa wa Dublin

Ile Haleluya inayowatoa jasho soprano wetu ilitungwa na George Frideric Handel, mzaliwa wa Halle, Ujerumani, mwaka 1685, aliyeishi London miaka mingi. Alikuwa mwepesi wa hasira na alipenda sana chakula. Lakini mkono wake ulikuwa wazi.

Messiah, kazi yenye wimbo huo, iliimbwa hadharani mara ya kwanza mjini Dublin, tarehe 13 Aprili 1742. Mabibi waliombwa wasivae magauni yaliyotanuliwa kwa pete, na mabwana wasije na panga zao, ili watu wengi zaidi wapate nafasi. (Sisi tulibishana miezi miwili kuhusu sare!) Mapato yalisaidia hospitali mbili na waliofungwa kwa madeni. Wafungwa 142 walilipiwa, wakatoka.

Kinachonigusa zaidi ni watoto. Handel aliwapa watoto wa Foundling Hospital, makao ya watoto walioachwa London, kinanda cha kanisani, na kuanzia 1750 Messiah ikaimbwa huko kila mwaka kuwachangia. Alipofuka macho, lakini hakuwasahau. Alipofariki mwaka 1759, wosia wake uliwaachia nakala ya Messiah yote, waendelee kuiimba.