John Wesley na Peni ya Kila Juma

Wengi wetu tumelisikia jina la John Wesley, kasisi wa Kanisa la Uingereza aliyesafiri juu ya farasi miaka mingi akiihubiri Injili. Lakini si wote wajuao kwamba matunda ya mahubiri yake yalidumu kwa sababu ya vikundi vidogo vya waumini waliojuana kwa majina.

Alizaliwa mwaka 1703 huko Epworth, ambako Samuel, baba yake, alikuwa kasisi wa parishi. Usiku mmoja wa Februari 1709 nyumba yao iliwaka moto. Wenzake walitoka, naye John, mtoto wa miaka mitano, akabaki ghorofani. Hapakuwa na nafasi ya kutafuta ngazi. Basi mtu mmoja alisimama juu ya mabega ya mwenzake, akamtoa mtoto kwa dirishani, na mara paa likaanguka. Mmoja peke yake asingeweza kumfikia.

Alipokuwa Oxford, John pamoja na Charles, mdogo wake, na rafiki wachache walikutana kusoma Agano Jipya, kusali na kufunga. Tena waliwatembelea wafungwa gerezani. Wanafunzi wengine waliwacheka. Mwaka 1735 akaenda Georgia, Marekani, awe mhubiri. Njiani bahari ilichafuka sana, naye akaogopa kufa. Lakini aliwaona Wakristo wa Moravia, wanaume kwa wanawake na watoto, wakiimba zaburi kwa utulivu. Akatambua kwamba hawa wana kitu asichokuwa nacho yeye.

Kazi ya Georgia haikufanikiwa, akarudi kwao mwaka 1738 akiwa amevunjika moyo. Jioni ya tarehe 24 Mei mwaka huo alikwenda, bila kupenda sana, kwenye kikundi kidogo katika barabara ya Aldersgate, London. Huko yalisomwa maneno ya Luther juu ya Waraka kwa Warumi, naye akapata hakika kwamba Kristo amemwondolea dhambi zake. Angalieni, ndugu: neema hiyo ilimfikia akiwa ameketi pamoja na wenzake.

Mwaka uliofuata rafiki yake George Whitefield alimwita Bristol kuhubiri uwanjani, na maelfu walikuja kusikiliza. Hata hivyo Wesley aliona kwamba mtu aweza kulia machozi penye mahubiri leo, na kesho akarudia maisha yake ya zamani, asiwepo wa kumwuliza.

Jibu lilipatikana kwa njia ya ajabu. Nyumba ya mikutano ya Bristol ilikuwa na deni. Mwezi Februari 1742 walipokuwa wakishauriana, nahodha mmoja aitwaye Foy alitoa shauri kila mtu atoe peni moja kwa juma. Wengine wakasema wapo maskini wasioiweza. Foy akajibu kwamba apewe yeye maskini kumi na mmoja. Atawatembelea kila juma, na asiye na kitu atalipiwa naye. Ndivyo waumini walivyogawanywa vikundi vya watu kama kumi na wawili, kila kimoja na kiongozi wake.

Viongozi walipopita nyumba kwa nyumba kukusanya peni, walikuta mengi yasiyoonekana kanisani: huku mume na mke wanagombana, kule mtu amelewa. Wesley akafahamu kwamba hii ndiyo njia ya kuzichunga roho za watu. Baadaye wakawa wanakutana pamoja kila juma kuombeana, kuonyana na kuchukuliana mizigo. Jambo lililoanza kwa ajili ya deni likawa ushirika.

Lakini ushirika una gharama. Wesley na Whitefield walitofautiana vikali juu ya mafundisho ya kuchaguliwa na Mungu, na kufikia mwaka 1741 kila mmoja alishika njia yake. Walipatana baadaye, ingawa hawakukubaliana katika mafundisho hayo. Whitefield alipofariki Marekani mwaka 1770, Wesley ndiye aliyehubiri London kwa ukumbusho wake. Tena mwaka 1784 Wesley aliwawekea mikono wahudumu wa Marekani ingawa hakuwa askofu, na jambo hilo lilimhuzunisha sana Charles. Yeye mwenyewe alibaki kasisi wa Kanisa la Uingereza mpaka kufa kwake tarehe 2 Machi 1791, akiwa na miaka 87, amezungukwa na rafiki zake. Baada yake Wamethodisti walijitenga.

Sisi nasi twajifunza nini? Twaweza kukaa benchi moja Jumapili mwaka mzima, tukapeana mkono wa amani, wala tusijue kwamba jirani yetu hana chakula, au kwamba nyumbani mwake hamna amani. Mahubiri mazuri hayatoshi. Kila mmoja wetu ahitaji mtu wa kumbishia hodi na kumwuliza habari za roho yake. Na kila mmoja aweza kuwa Foy kwa mwenzake. Juma hili, mtafute yule ambaye kiti chake ki kitupu. Usingoje kasisi aende. Huenda wewe ndiwe bega ambalo mwingine atasimama juu yake apate kumtoa mtu motoni.